Singe Haina Sijui

Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya kaunta ya hoteli yangu hapa Busia, upande wa Kenya, simu ikawa inalia mfululizo hata mteja mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba. Lilikuwa kundi la WhatsApp la vijana waliosomea ulinzi Tororo, vijana ambao leo wana vitambi na vipara. Nimo kundini kwa sababu nilikuwa mpishi wao, nao hadi leo huniita Mama Jikoni, ingawa wakati ule sikuwa mama wa mtu yeyote. Habari yenyewe ilikuwa kwamba Sajini Ochwo, mwalimu wao wa mazoezi, amefariki nyumbani kwake Kisoko na atazikwa Jumamosi. Wakatuma mishumaa, wakatuma mikono ya kuomba, wakatuma rambirambi. Halafu, kwa kuwa wanaume wengi hawajui wafanye nini na huzuni, hata saa moja haikupita wakaanza ubishi. Mmoja alituma video ya ndege ndogo isiyo na rubani ikimfukuza askari katikati ya shamba, akaandika chini yake: Afande angesema nini hapa? Singe yake ingemfaa nini huyu? Singe, kwa asiyeijua, ni kile kisu kirefu kinachochomekwa kwenye mdomo wa bunduki ili bunduki igeuke mkuki. Wakabishana hadi jioni. Wengine walisema imeshapitwa na wakati, mahali pake ni makumbusho. Wengine wakasema risasi huisha, na zikiisha mtu hubaki na nini? Nilisoma yote huku nikihesabu sahani za pilau kichwani, kisha nikaandika neno moja tu, poleni. Jumamosi imepita. Sikwenda kuzika, na wenzangu wa kundini wameona nina moyo mgumu. Waone wanavyoona. Ninachoandika hapa ni ule mwaka mmoja niliokaa Tororo, maana sijapata kumsimulia mtu, na sasa mwenyewe hayupo wa kuona haya.

Mambo ya ukoo wangu tuyaache. Anayetaka kujua nilikotoka, ni Buhehe, na hiyo inamtosha. Nilifika Tororo nikiwa na miaka ishirini na kidogo, nimeajiriwa kupika katika chuo kilichofundisha vijana kazi ya ulinzi ili wakalinde kambi na maghala katika nchi za mbali. Kukiita chuo ni kukipamba. Kilikuwa ua mmoja mpana kandokando ya barabara ya kwenda Malaba, mabanda mawili ya mabati, ofisi yenye meza moja, na jiko langu. Mwamba wa Tororo ulikuwa juu yetu siku nzima, na vumbi la simenti lilikuwa likitua juu ya kila kitu hadi nikazoea kufunika sufuria kwanza, kuwasha moto baadaye. Nililala stoo, katikati ya magunia ya posho, yaani unga wa ugali, na maharage. Ukuta mmoja wa stoo ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo kilikuwa chumba cha Sajini Ochwo. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hiyo nilisikia kila kitu: maji yakimiminwa kwenye beseni, kitanda kikilalamika, redio ikisoma habari kwa Luganda kisha kwa Kiswahili, na kikohozi chake cha asubuhi. Watu wa hapo walisema Kidhopadhola na Kiateso, mimi nikasema Kisamia na Kiswahili changu cha mpakani, na ingawa nililisha vijana thelathini hivi kila siku, kulikuwa na siku nzima ambayo neno pekee nililoambiwa ni "ongeza." Nilikuwa mpweke mwaka ule, nisifiche. Nilifika mahali pa kukisubiri kile kikohozi ili nijue kwamba kumekucha kwa watu wawili.

Kila asubuhi aliwapeleka vijana nyuma ya jiko, mahali palipofungwa boriti kati ya miti miwili. Kwenye boriti walining'iniza magunia niliyomaliza posho yake, wameyajaza maganda ya mahindi. Bunduki zao zilikuwa za mbao, zimechongwa na fundi wa vitanda, na kwenye mdomo wa kila moja kulipigiliwa kijiti kilichochongoka. Hiyo ndiyo ilikuwa singe yao. Sajini alikuwa akisimama pembeni, mikono nyuma, na kwa sauti isiyopanda wala kushuka akisema, "Choma. Chomoa. Choma. Chomoa." Vijana walitakiwa kupiga ukelele wanapochoma, na siku za mwanzo kuku wa majirani waliacha kutaga. Jioni magunia yaliletwa jikoni yamechanika, nami nikayashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ili kesho yachomwe tena. Kwa kuwa nilikaa nayo miezi mingi, nililijua kila gunia na tundu zake. Ndipo nikaona jambo moja ambalo vijana hawakuliona, au waliliona wasilijali: mwalimu mwenyewe hakuchoma hata siku moja. Hakushika hata ile bunduki ya mbao. Akitaka kumsahihisha mtu, alimgusa kiwiko kwa kidole, au alisema, "Mguu. Leta mguu mbele." Nilidhani ni ukubwa tu, kama wakubwa wasivyobeba ndoo.

Jambo la pili nililoliona lilikuwa chakula chake. Vijana walikula kwenye sinia, watano watano, kila mtu na upande wake wa posho, na bakuli la maharage katikati. Sajini alikuwa na sahani yake ya bati na kikombe chake cha bati. Alikuja navyo mwenyewe mpaka mlangoni pa jiko, nikampakulia, akaenda kula chumbani kwake, kisha akaviosha mwenyewe kwa jivu. Siku moja niliichukua ile sahani kuiosha pamoja na vyombo vingine. Aliinyakua mkononi mwangu kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mtu mpole vile, akasema, "Hii wacha. Hii ni ya mimi." Niliona haya sana. Nilifikiri labda ananiona mchafu, au kwamba Wasamia kwao hawana thamani. Nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia nikalia kidogo, kisha nikarudi kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.

Jumamosi jioni mama jirani alileta malwa. Wa huku hawahitaji kuelezwa. Wa mbali wajue kwamba malwa ni pombe ya ulezi, inawekwa kwenye chungu kimoja kikubwa, inamiminiwa maji ya moto, na watu hukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, wakavuta na kuzungumza mpaka chungu kipoe. Hakuna namna bora ya kujua nani ni ndugu wa nani. Ukikaribishwa chunguni umekaribishwa mahali. Hata mimi niliwekewa kiti, na nilikuwa nakunywa vizuri tu, asiwadanganye mtu. Lakini Sajini alikaa mbali, karibu na mlango wa ofisi, na chupa ya soda. Vijana wakakata shauri kwamba Afande ni mlokole. Nani mwingine, katika Tororo yote, angekataa malwa ya ulezi ya Jumamosi? Basi wakaanza kumheshimu kwa upande huo. Kabla ya kula walikuwa wakisema, "Afande, tuombee," naye akijibu, "Ombea wewe," na wao wakaona huo ndio unyenyekevu wa waliookoka kwelikweli.

Nami, akili zangu zote, nikaamini. Tena niliamini kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa na haja yangu. Tayari nilikuwa nampenda yule mtu wa upande wa pili wa mbao, na nikaona njia ya kumfikia imeonekana. Niliacha malwa. Nikashona sketi ndefu ya kufagia njia. Nikaanza kwenda kwenye ushirika wa Jumatano katika kanisa la mabati nyuma ya soko, nikajifunza mapambio, na kila asubuhi alipokuja na sahani yake nilimwambia kwa sauti tamu, "Bwana asifiwe, Afande." Yeye akajibu, "Habari." Nilidhani ni mtihani wa imani. Nilivumilia miezi mitatu bila tone la malwa kwa ajili ya mtu ambaye, kama nilivyokuja kujua, hata Zaburi hakuwa na habari nayo.

Mchana mmoja wa mvua alikuja meneja kutoka Kampala na kompyuta yake chini ya koti. Vijana walikuwa wanakula bandani, mimi nagawa. Akawaambia kwamba wateja wa nje wamebadilisha mahitaji: wanataka walinzi wanaojua redio, mashine za kukagua mizigo, na Kiingereza cha kusalimia. Mazoezi ya singe yaondolewe. "Hiyo ni vita ya babu zetu," alisema, akaenda zake kabla barabara haijaharibika. Basi banda likageuka bunge. Wafula, kijana wa Busia upande wa Kenya ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa wa kwanza. "Manze, mimi nilisema kitambo. Siku hizi msee anakaa kwa ofisi na AC, anabonyeza kitu, mtu anakufa huko mbali. Singe utamfikia nayo saa ngapi?" Opio, aliyetoka Sop Sop, mkubwa wa mwili na mpole, akasema, "Lakini risasi ikiisha? Ama umeingia ndani ya nyumba, giza, mtu iko hapa karibu? Hii kitu bado inasaidia." Mwingine akasema umati wa watu ukiona singe zimechomolewa unarudi nyuma wenyewe bila hata risasi moja. Wafula akacheka, "Na wewe umati gani utaukuta getini kwa Mzungu? Afande, si utuambie? Wewe ulienda vita. Singe ina kazi ama haina?" Wote wakamgeukia. Sajini alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake, mvua ikimrukia mgongoni. Aliinamisha sahani, akamwaga maji ya mvua. Akasema, "Inafungua mikebe vizuri sana. Kuleni," akaondoka bila chakula.

Nikampelekea, lakini hakuwa chumbani. Nilimkuta nyuma ya jiko chini ya upenu, anafungua kamba za magunia moja moja. Nilimwona amechoka, na kwa upumbavu wa upendo nikaona wakati wangu umefika. Nikamwambia, "Afande, usihuzunike. Nitakuombea. Na samahani, sijawahi kukuuliza, wewe uliokoka lini?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa alizaa watoto wangapi. "Nani ameokoka?" "Wewe, Afande." "Mimi?" "Si hunywi malwa." Akaketi juu ya gunia lililoanguka. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, bila kunitazama. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa maana nimeyabeba muda mrefu.

"Nabwire, mimi siwezi kuweka mrija yangu kwa chungu ya watu. Kule tulikuwa kwa nyumba moja, risasi yangu imeisha. Nimeingia kwa mlango, kumbe mtu iko nyuma ya mlango, anakula. Ameshika bunduki yake, mimi nikafika kwanza. Na singe. Alikuwa na chakula kwa mdomo. Hakumeza." Akafuta mikono kwenye suruali. "Risasi ni kitu ingine. Unapiga huko, wengine wanapiga, mtu anaanguka. Ukirudi nyumbani wazee wakiuliza, umeua mtu? unasema, sijui. Ni kweli, hujui. Singe haina sijui."

Sasa kwetu, na kwao pia, mtu aliyeua kwa mkono wake haingii tu mlangoni kwa mama yake akasema hamjambo. Ana kitu kimemfuata. Lazima wazee wamsafishe kwanza, mbuzi achinjwe, aoshwe, ndipo aingie, ndipo ale na watu. Akila nao kabla, kitu kile kinapita kwenye chakula kinawashika wengine, watoto kwanza. Wasomi mniachie nafasi hapo. Simwambii mtu aamini, nasema tu kwamba Ochwo aliamini. Baba yake mdogo alikuwa tayari kumchinjia mbuzi hata kesho. Lakini boma lilikuwa la mama yake, mjane, na yeye ndiye aliyekuwa mlokole wa kweli. Alikuwa ameapa kanisani kwamba damu ya mbuzi haitamwagika tena kwake kwa ajili ya mizimu. "Nikienda kwa mbuzi, nimemkataa mama," aliniambia. "Nikienda kwa mama bila mbuzi, naweza kumuua. Basi nakaa hapa." Kisoko si mbali na Tororo. Kwa baiskeli unafika kabla uji haujapoa. Tangu arudi kutoka vitani hakuwa amekanyaga nyumbani, na mama yake hakujua kwa nini. Ile sahani aliyoninyang'anya, niliielewa hapo. Alikuwa ananilinda. Sikujua nifurahi au nilie, nikasema tu chakula kinapoa.

Sketi ndefu niliikata ikawa mapazia. Ila tangu siku ile tulizungumza. Alikuja kula karibu na mlango wa jiko, yeye nje kwenye kigogo, mimi ndani kwenye kiti, kila mtu na sahani yake, nasi tukazungumza juu ya mambo madogo: jinsi ya kupika kalo, ule ugali wa ulezi, isiwe na mabonge, nani kati ya vijana angefaulu, kwa nini redio husema mvua itanyesha siku ambayo hainyeshi. Hata mara moja hakucheka, wala sikutegemea. Nilikuwa na furaha ya kutosha. Nilijiambia kwamba siku moja atasogeza kigogo kile mpaka ndani, na siku hiyo nitampakulia kwenye sinia moja na mimi. Nilikuwa nimeshachagua hata mboga: uyoga mdogo ule wa kwenye vichuguu, kwa sosi ya simsim.

Mimi ndiye niliyekuwa nanunua maharage ya chuo, na maharage mazuri yalikuwa Kisoko siku ya soko. Alipojua, alianza kunipa sukari na sabuni nimpelekee mama yake. "Sema nina kazi mingi," alinielekeza. Mama yule alikuwa mwembamba, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimekatwakatwa lakini kinafika. Nyumba yake ilikuwa na sakafu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na kiti kimoja ambacho hakuna mtu aliyekikalia. Kila nilipokwenda alinipa chai ya maziwa, akauliza swali moja lile lile: "Anakula?" Nikasema anakula. Safari ya tatu au ya nne hakuuliza. Aliweka sukari juu ya meza, akakaa, akasema, "Binti, ambia mimi kweli. Mtoto wangu anaona aibu ya mimi. Kwa sababu naimba sana? Naomba sana? Sema yeye nitanyamaza. Nitaomba kwa roho, polepole. Yeye akuje tu."

Sikutumwa kusema, na wala sikukatazwa. Nilikunywa chai mpaka ikaisha, kisha nikamwambia yote: mlango, mtu, chakula kisichomezwa, sahani ya bati. Alinisikiliza bila kusogea. Nilipomaliza akasema, "Yeye aliandika mimi kwamba anaendesha gari ya maji." Akarudia, "Gari ya maji." Nilimwambia, "Mama, hakukukimbia. Anaogopa kukuua kwa kula na wewe." Ndipo akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, nami nikatazama nje kwa adabu. Nje shemeji yake, yule baba mdogo, alikuwa anafunga mbuzi wake kivulini. Mama alimwona pia. Nilimsikia akisema kitu kwa Kidhopadhola, sijui kilikuwa sala au tusi.

Ochwo alipojua kwamba nimesema, alinikasirikia. Hakunigombeza, alirudi kula chumbani, na mlango wa jiko ukawa mtupu. Upande wa pili wa mbao hata redio haikuwashwa. Siku zile zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu kabla sijamjua nilikuwa mpweke wa kawaida, na sasa nilikuwa mpweke anayejua anachokikosa. Kisha neno likaja kutoka Kisoko kwa mwuza maharage. Mama amesema hivi: yeye atakuwa upande huu wa boma na watu wa kanisa lake, wanaomba; shemeji awe upande ule na wazee wake, wachinje. Damu isivuke njia ya katikati. Mungu ni mkubwa, atajua mwenyewe amesikia upande gani. Na yule binti aliyeleta maneno, aje pia. Asubuhi yake Ochwo alisimama mlangoni kwangu amevaa shati jeupe, pasi imenyooka. "Twende," alisema. Nilimwachia Opio mwiko.

Wanawake hatukuruhusiwa kuona. Nilikaa upande wa maombi, nikiwa nimebanwa kati ya mama wawili waliokuwa wakiimba kwa nguvu ili kuzima sauti ya mbuzi, na mbuzi akilia kwa nguvu ili kuwazima wao. Mama Ochwo hakuimba. Alikuwa amepiga magoti, macho wazi, anatazama ile njia ya katikati. Mbuzi akanyamaza. Wazee walisema maneno, maji yakamwagwa, muda ukapita, na kisha akatokea, kifua wazi, kimepakwa yale majani mabichi yanayotoka tumboni mwa mbuzi. Alitembea polepole kama mtu aliyeamka homani. Alipofika kwenye njia alisimama, akamtazama mama yake, asijue kama anaruhusiwa. Yule mlokole aliinuka, akavuka njia mwenyewe, akamkumbatia pamoja na majani yake, na gauni lake la kanisani likaharibika palepale. Watu wa kanisa waliacha kuimba. Nililia bila kujizuia, na hata sasa nikiandika, kalamu inaniteleza.

Kisha chakula. Wanaume walikaa upande wa wanaume, kalo ikaletwa kwenye sinia, na nilimwona kwa mbali akinyoosha mkono katikati ya mikono mingine. Akamega, akachovya, akala. Kila mtu aliona. Baadaye walileta chungu cha malwa, wakampa mrija, akauingiza. Nilikuwa jikoni na wanawake, nimeshika bakuli la mboga, na nilifurahi kwa moyo wangu wote, nasema kweli. Nilifikiri: kesho Tororo. Kesho atasogeza kigogo.

Jua lilipoanza kulala nilisema niwahi, kuna vijana wanasubiri posho. Mama Ochwo akasema atanisindikiza. Tulitembea kati ya ulezi na mihogo mpaka barabarani, yeye amenishika mkono vidole kwa vidole, na gauni lake lilikuwa limekauka na kukakamaa kifuani. Aliniambia mtoto wake harudi chuoni. Shamba lipo, baba yake mdogo atampa ng'ombe wa kulima. Nikasema ni vizuri. Akasema, "Binti, wewe umerudisha mtu yangu. Mimi nitaomba kwa ajili yako kila siku mpaka nife." Nikasema asante, Mama. Hakuniachia mkono. "Sasa naomba wewe kitu moja. Usikuje tena hapa." Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea, taratibu, akitafuta kila neno: "Wewe ulikaa na yeye wakati ule. Wewe unajua ile mlango, unajua ile mtu. Kila siku akiona uso yako, ataona ile mlango. Mimi nataka yeye asahau. Wewe ni mtoto mzuri. Ndiyo sababu naomba wewe."

Nilifungua kinywa ili nimkatalie. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye ninayemjua, kwamba nimeishi mwaka mzima ubao mmoja kutoka kwake, kwamba najua kikohozi chake, miguu yake, namna anavyopumua akiwa na mawazo. Basi kutoka bomani, mahali walipozunguka chungu, mwanamume mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, kimepanda kikakatika kikapanda tena, na watu wakacheka pamoja naye. Nikageuka. Nikauliza, "Ni nani huyo anayecheka hivyo?"

Mama alinitazama kwa mshangao.

"Si ni yeye," alisema. "Hukumjua?"

Nikasikiliza tena. Alikuwa bado anacheka.

"Sawa, Mama," nikasema, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti kidogo kama anavyoagwa mkubwa, nikavuka barabara.